Namna ya Kupiga Kasia Kiungwana

Kabla hujashika kasia, geuza viganja vyako uvitazame. Vina sugu? Kama vinazo, kumbuka vizuri ulizipata wapi, maana katika mchezo huu kuna sugu za heshima na sugu za aibu. Sugu za heshima ni za mtu aliyevuta kasia asubuhi ya Januari, mto umefunikwa na ukungu, chomboni hamna abiria, mzigo wala samaki, kisha akarudi palepale alipoondokea akanywa chai. Sugu za aibu ni za aliyefanya hayohayo akalipwa.

Sitanii. Mwaka 1879 wasimamizi wa Henley, yale mashindano makubwa ya makasia ya mto Thames yaliyoanza mwaka 1839, walikaa wakaandika nani anastahili kuitwa mwanamichezo wa ridhaa. Aliyewahi kushindania fedha, nje. Aliyewahi kufundisha mchezo ili apate riziki, nje. Aliyewahi kuajiriwa kazi ya mashua, nje. Na ili isibaki tundu la mtu kupenya, wakaongeza kuwa fundi na kibarua nao hawamo. Yaani wale waliokuwa wakipiga kasia kila siku, mvua na jua, ndio waliokatazwa kushindana kupiga kasia. Ni kama kuandaa mashindano ya kukwea minazi halafu ukaandika mlangoni kwamba wakwezi hawaruhusiwi.

Sharti hilo la kazi ya mikono lilifutwa mwaka 1937, baada ya fedheha ya mwaka uliotangulia, timu ya Australia iliyokuwa njiani kwenda Olimpiki ya Berlin ilipokataliwa kwa sababu wavuta makasia wake walikuwa polisi. Siku hizi mlango uko wazi. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja na kujua viatu unavulia wapi ni jambo jingine, ndiyo maana nimeona niandike mwongozo huu kwa ajili ya kijana wa pwani aliyepata nafasi ya kusoma Oxford au Cambridge. Wiki ya kwanza tu utakutana na mtu mwenye tabasamu pana na karatasi mkononi, atakuuliza kama ungependa kujaribu makasia. Utajisemea moyoni: mimi nimezaliwa Pangani, babu yangu mvuvi, huyu hajui anaongea na nani. Nilijisemea hivyohivyo mimi. Soma kwanza.

Hatua ya kwanza ni kukubali kwenda kinyumenyume. Nyumbani ulijua kafi na ulijua kasia. Kafi unalishika kwa mikono miwili, uso mbele, unaona mwamba, unaona wimbi, unamwona na shemeji yako anayekudai akija kwa mtumbwi wake, unageuza njia mapema. Kasia hukaa kwenye kishwara ubavuni mwa chombo na ukilivuta unatazama ulikotoka. Waungwana wamechagua kasia. Kila mmoja hushika moja tu, watu wanane, wanne huku na wanne kule, na wote wameipa mgongo safari yao. Wako pia wanaoshika makasia mawili peke yao katika chombo cha mtu mmoja. Hao ni wapweke, wana matatizo yao, tuwaache.

Chombo chenyewe kimelala kama mnazi uliokatwa, karibu mita 18, na ni chembamba hata makalio ya mtu mzima hujaa ubavu kwa ubavu. Kanuni za kimataifa zinataka kisipungue kilo 96. Fikiria basi: majitu manane ya kilo 90 na ushei yanapanda kitu chenye uzito wa mmoja wao, na hakina matengo ya kukishika kisilale kama ilivyo ngalawa. Hakilali kwa sababu moja tu, makasia manane yaliyotandazwa pande zote mbili kama mbawa. Mmoja wenu akipiga chafya vibaya, wote mnainama.

Kiti chako kina magurudumu na hukimbia juu ya reli mbili fupi. Katika mbio za Oxford na Cambridge viti hivyo vilitumika mara ya kwanza mwaka 1873, na tangu hapo mchezo ukahama mikononi ukaenda miguuni. Hapa ndipo mtu wa pwani anapoumbuka. Utavuta kwa mabega na mikono, kama ulivyomwona babu akivuta dau dhidi ya maji ya kupwa, na kocha atakupigia kelele kutoka ukingoni akiwa juu ya baiskeli. Unatakiwa ukunje magoti mpaka kifua kiyaguse, uzamishe ubapa wa kasia majini, usukume kwa miguu, uegemee nyuma, na mikono ije mwisho kabisa kama mgeni aliyechelewa karamuni. Kisha unalitoa kasia, unaulaza ubapa wake usishike upepo, unarudi mbele taratibu, taratibu, kwa maana chombo hukimbia zaidi wakati ninyi mmetulia, na anayerudi kwa pupa anakivuta nyuma. Rudia mara 35 kwa dakika. Sahau kwamba una mapafu.

Miguu hutiwa kwenye viatu vilivyokazwa chomboni. Viatu ni vya chombo, si vyako. Utavikuta na kumbukumbu za waliokutangulia, na baada ya wiki mbili na wewe utakuwa umeweka yako.

Itatokea siku kasia lizame likiwa limeinama vibaya, maji yalishike, mpini urudi na kukutandika tumboni au ukurushe nje kabisa. Waingereza husema umekamata kaa. Usifurahi. Mara ya kwanza niliposikia kuwa nimekamata kaa nilichungulia majini kumtafuta.

Hatua ya pili ni kumheshimu mtoto. Nyumbani nahodha ni mtu mzima, mvi zake ameziokota baharini, anajua nyota na anajua pepo, kaskazi na kusi, na akikohoa mabaharia hunyamaza. Huku anayeshika usukani ni mtu mwepesi kuliko wote, mara nyingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, amekaa tezi akiwa na kipaza sauti mdomoni, na ndiye pekee kati ya watu tisa anayeona mnakokwenda. Hapigi kasia. Kazi yake ni kuwatukana kwa upole na kuwaambia kuwa yamebaki mapigo kumi wakati yamebaki thelathini. Stephen Hawking, kabla dunia haijamjua kwa mambo ya nyota, alishika usukani wa chombo cha chuo chake pale Oxford, na alijulikana kwa kupitisha chombo mahali pa hatari hata kikarudi kimeumia. Nahodha wa kwetu pia alijua nyota, ila alijifunza kabla ya kupewa chombo.

Wiki ile ya kwanza nilimpigia babu simu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Unakula?”

“Nakula, babu. Nimeanza kupiga kasia.”

“Alhamdulillahi. Mko wangapi?”

“Wanane, na wa tisa ameshika usukani.”

“Mnakwenda wapi?”

“Tunakwenda mpaka darajani, halafu tunarudi.”

“Mmetega huko?”

“Hatujatega kitu.”

Kimya. Nikasikia akimwambia bibi, bila kuziba simu vizuri, kwamba mtoto amepotea na wenzake wanane.

Hatua ya tatu ni ya kuamka. Mazoezi huanza alfajiri, saa kumi na moja na nusu wengine wameshafika kwenye banda la vyombo. Aliyelelewa kwa adhana hapa amewazidi wenzake, furahia, maana ndiyo faida yako ya mwisho. Mto ukiganda au ukifurika mtapelekwa ndani kwenye mashine ya makasia ya nchi kavu, ina mnyororo, kiti cha magurudumu na kioo kinachokuonyesha namba. Ni kifaa cha ajabu. Unavuta kwa dakika saba mpaka unaona maruweruwe, unashuka huku miguu inatetemeka, na hujasogea hata hatua moja. Ukitafuta kisingizio cha umri, hakipo: James Cracknell aliishindia Cambridge mwaka 2019 akiwa na miaka 46, wenzake chomboni wangeweza kuwa wanawe.

Sasa mto. Usitarajie Rufiji. Mto Cam unaopita Cambridge, na kile kipande cha Thames kinachopita Oxford ambacho wenyewe hukiita Isis ili kisichanganywe na mto wa watu wa kawaida, ni miembamba kiasi kwamba mbio za sambamba ni taabu. Wengine wangetafuta mto mwingine. Wao wakabuni mbio za kugongana. Vyombo vya vyuo hupangwa kwa mstari mrefu, kimoja nyuma ya kingine, vikiachana kwa urefu wa chombo kimoja na nusu. Mzinga ukilia, kila chombo hukimbiza kilicho mbele na kukimbia kilicho nyuma. Ukimgusa wa mbele umeshinda. Mnajiweka kando wote wawili, na kesho mnabadilishana nafasi. Siku nne mfululizo. Mbio za Cambridge za majira ya joto huitwa za Mei, nazo hufanyika Juni, na nakusihi usiulize, kwa sababu nilipouliza nilijibiwa kwa nusu saa.

Nyumbani ukimgonga mwenzio majini mtaishia kwa mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya kusimamia ufukwe, na kuna wavu wa kulipa. Huku unakata tawi la mti wa ukingoni, unalivaa kichwani, unapiga kasia kurudi huku watu wanashangilia. Wanaogonga siku zote nne hupewa kasia zima wakalitundike ukutani, limepakwa rangi, limeandikwa majina yao kwa dhahabu na uzito wa kila mmoja. Babu naye alikuwa na kasia ukutani, ila lile lilikuwa likisubiri kesho. Wanaogongwa siku zote nne hupewa kijiko cha mti, yaani mwiko. Ni Kiswahili pekee kilichotambua kwamba kijiko hicho na jambo lisilosemwa mbele za watu ni neno moja.

Na chuo kikimaliza kikiwa kinara wa mto, desturi ya zamani ni kuchukua chombo kikuukuu na kukichoma moto, vijana wanacheza pembeni. Mimi nilikaa mbali nikageuza uso. Nimeona chombo kikuukuu kikizibwa kwa kalfati mara kumi na mbili. Nimeona chombo kikiwa meza, kikiwa mlango, kikiwa kihori cha kunyweshea mbuzi. Sikuwahi kuona watu wazima wakichoma mbao nzuri kwa furaha.

Yote haya ni ya nyumbani kwao, ya vyuo kwa vyuo. Sherehe kubwa, mbio zenyewe za Oxford dhidi ya Cambridge, iko London. Ilianza kwa urafiki: Charles Wordsworth wa Oxford, mtoto wa ndugu yake mshairi William Wordsworth, na Charles Merivale wa Cambridge walikuwa wamesoma pamoja shule ya Harrow. Machi 1829 Cambridge wakatuma barua ya kuwaita wenzao mtoni, tarehe 10 Juni wakakutana Henley, Oxford wakashinda. Desturi ikawa kwamba aliyeshindwa ndiye anayemwita mshindi warudie, na wamekuwa wakiitana hivyo mpaka leo. Tangu 1845 njia yao ya kawaida ni kutoka Putney hadi Mortlake, kilomita 6.8, na tangu 1856 ni kila mwaka, isipokuwa wakati wa vita vikuu viwili na mwaka 2020 wa korona. Mwaka 2021 walikimbilia Ely, mashambani, pasipo na watazamaji.

Hapa mtu wa mwambao anaruhusiwa kujivuna kidogo. Thames pale London hujaa na kupwa kama maji ya kwenu, na mbio hukimbiwa kuelekea juu ya mto maji yakiwa yanajaa, yapata saa moja na nusu kabla hayajafika ukomo. Wao wana majedwali, kompyuta na wataalamu wa mikondo. Wewe una bibi yako, ambaye akiutazama mwezi anakwambia kesho bamvua, usiende pwani mapema. Mkondo wenye nguvu uko katikati penye kina, kwa hiyo washika usukani wote wawili hutaka njia ileile, na kazi ya mwamuzi ni kuwafuata kwa mashua ya injini akipunga bendera nyeupe na kuwataja kwa majina ya vyuo vikuu vyao kama mwalimu wa madrasa anayetenganisha wanaogombea mkeka. Mto umejipinda. Aliye upande wa Middlesex hupata nafuu kwenye kona ya kwanza na ya mwisho, aliye upande wa Surrey hupata ile kona ndefu ya katikati. Upande hugawanywa kwa kurusha sarafu ya dhahabu ya mwaka 1829. Sarafu ya kawaida ingefanya kazi hiyohiyo, lakini tumekwisha kubaliana kuwa hatufanyi kazi.

Kuhusu kuzama. Pwani chombo kikizama ni kilio, watu huweka matanga. Katika mbio hizi kuzama ni sehemu ya historia, huandikwa vitabuni kwa fahari. Cambridge walizama 1859 na 1978, Oxford 1925 na 1951. Mwaka 1912, tarehe 30 Machi, walizama wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, ikabidi warudie Jumatatu iliyofuata, ambayo kwa bahati ilikuwa tarehe 1 Aprili. Mwaka 1984 Cambridge walilivaa tishari lililotia nanga hata kabla mbio hazijaanza. Tishari ni kubwa kama nyumba. Lakini kumbuka, wanane walikuwa wamelipa mgongo.

Mwaka 1877 wakatoka sare, na kisa chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Aliyekuwa akitazama mstari wa mwisho aliitwa John Phelps, mtu wa kazi za mto, wale waliokuwa wakivusha watu Thames kwa malipo. Alisema wamefika pamoja. Waungwana wa Oxford, waliojiona wameshinda, wakaeneza kwamba mzee alikuwa amelewa, amelala kichakani. Ushahidi wa kichaka hicho haujaonekana hadi leo, ila hadithi imedumu. Mtu pekee pale aliyeujua mto kwa kuula ndiye aliyeambiwa hakuuona.

Ukisikiliza mbio redioni usitegemee sana mtangazaji. John Snagge wa BBC mwaka 1949, injini ya mashua yake ikiwa imekorofisha, aliwatangazia wananchi kwamba haoni nani anaongoza, lakini ni ama Oxford au Cambridge. Nimesikiliza watangazaji wengi wa mpira tangu utoto na sijapata aliyesema kweli kiasi hicho.

Wanawake. Mbio zao za kwanza zilifanyika Oxford mwaka 1927, na kwa kuwa ilionekana si vizuri mabinti kukimbizana hadharani, vyombo viwili havikuruhusiwa kuwa mtoni kwa pamoja. Kila kimoja kilipita kwa zamu yake, na waamuzi wakahesabu muda na vilevile wakatoa alama za mwendo mzuri. Vuta kasia, binti, lakini usionekane unavuta. Bibi zetu walioambiwa watwange bila kutingishika wangeielewa kanuni hiyo mara moja. Mwaka 1981 Sue Brown alishika usukani wa chombo cha wanaume wa Oxford, akawa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika mbio kuu, akashinda. Ilipofika 2015, miaka 88 baada ya ile ya alama za mwendo, wanawake nao wakapewa Putney hadi Mortlake, siku moja na wanaume. Watu hawakuzirai.

Sasa nguo, maana bila nguo hujapiga kasia kiungwana, umepiga tu. Mtoni utavaa vazi la kipande kimoja linalobana kila ulichopewa na Mola. Ukingoni, hasa ukialikwa Henley kwenye uwanja wa wasimamizi, mambo ni mengine: mwanaume koti na tai hata jua liwake vipi, mwanamke gauni lishuke chini ya goti, na suruali kwa wanawake zikaruhusiwa mwaka 2021. Shangazi zangu wa Tanga wangepita langoni bila kuulizwa. Makoti yenyewe ni ya rangi za klabu, mistari ya waridi na kijani na zambarau, mtu anafanana na khanga isiyo na jina. Mwaka 2012 mwanaume mmoja alijitosa katikati ya mbio za Oxford na Cambridge, akaogelea mbele ya vyombo kupinga ubwana wa watu wachache. Mbio zikasimamishwa, naye akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Nadhani kosa lake kubwa lilikuwa kuingia bila koti.

Usisahau kisa cha John Kelly, kitakusaidia mezani watu wakianza kuulizana baba zao wanafanya nini. Kelly alikuwa mwashi wa matofali wa Philadelphia. Mwaka 1920 aliomba kushindana Henley, akakataliwa, sababu moja ikiwa ugomvi wa zamani kati ya wasimamizi na klabu yake, nyingine ikiwa yale matofali. Mwaka huohuo akaenda Olimpiki ya Antwerp, akamshinda Mwingereza Jack Beresford katika fainali ya mtu mmoja, kisha baada ya muda mfupi akaingia tena majini na binamu yake wakachukua dhahabu ya pili. Mwanawe, jina lilelile, alirudi Henley akashinda kombe alilonyimwa baba, mwaka 1947 na tena 1949. Binti wa mwashi huyo alikuwa Grace Kelly, aliyeolewa na mwanamfalme mtawala wa Monaco. Ndivyo mwashi alivyoingia jumba la kifalme, kwa mlango ambao Henley haikuwa na ufunguo wake.

Wafanyakazi wenyewe wa mto, kwa taarifa yako, hawakusubiri kualikwa. Thomas Doggett, mwigizaji wa jukwaani kutoka Ireland, aliwaanzishia mbio zao mwaka 1715, miaka 114 kabla ya ile barua ya Cambridge. Ni za vijana waliomaliza uanagenzi wa kazi ya mto, kutoka London Bridge hadi Chelsea, na mpaka leo zinaendelea. Mshindi hupewa koti jekundu lenye beji kubwa ya fedha kwenye mkono wa koti. Koti, si kikombe, pengine kwa sababu Doggett alikuwa amevushwa mara nyingi na watu hawa na bila shaka aliwaona wakilowa. Mimi ningependa kuhudhuria hizo kuliko zile nyingine, lakini aliyeniuzia tai aliniambia sitaihitaji.

Na tusijifanye malaika. Pwani yetu nayo ilikuwa na waungwana wake wa kanzu nyeupe waliokaa tezi na mwavuli wakivushwa na wengine, na ukiwauliza nani anajua bahari wangejionyesha wenyewe. Tofauti ni kwamba hawakuandaa mashindano. Kule Mwanza leo mitumbwi ikishindana ziwani, wanaovuta ni wavuvi hasa, wanaume kwa wanawake, wanatazama mbele na makafi yao, na mshindi hupewa fedha taslimu mchana kweupe. Hakuna anayeona haya.

Ukishinda, desturi ni kumrusha mshika usukani majini. Uliza kwanza hali ya maji. Mwaka 2024 vipimo vya Thames vilionyesha vijidudu vya kinyesi kwa wingi, washindani wakaonywa wafunike vidonda na wasimrushe mtu, na baada ya mbio mmoja wa Oxford alilalamika mbele ya kamera kwamba ingekuwa nafuu kama mtoni kusingekuwa na mavi mengi kiasi kile. Hilo nililitafsiri kwa babu neno kwa neno. Alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa.

Hatua ya mwisho, nimepoteza hesabu ni ya ngapi, ni ya kurudi nyumbani likizo. Usijaribu kuonyesha ufundi. Mimi nilijaribu. Nilikaa kwenye dau la babu nikaipa mgongo bahari, nikakunja magoti nikisubiri kiti kikimbie, hakikukimbia, nikasubiri mtu aniambie kulia au kushoto, hakuna aliyeniambia, nikagonga nguzo ya gati mbele ya wauza dagaa wote wa Pangani. Babu hakusema neno. Alikuja akaketi karibu yangu, akachukua viganja vyangu akavigeuza juu, akapitisha kidole gumba juu ya zile sugu, moja moja, kwa upole. Nikaona uso wake unang'aa.

“Kumbe wanakufanyisha kazi huko,” akasema. “Nilidhani unasoma tu.”

“Ndiyo, babu.”

“Wanakulipa vizuri?”

Nilitazama majini. Ada ya klabu kwa mwaka, ukijumlisha na lile vazi la kubana na tai ya Henley, ingeweza kumnunulia nyavu mpya mbili na injini ndogo ya mtumba.

“Wanajitahidi, babu,” nikasema.